Messerschmitt ya Karatasi: Kwa Nini Vipande Havikutani, na Namna ya Kuvikutanisha

Malalamiko ya wanaoanza kujenga mifano ya karatasi ya ndege za vita hufanana sana. Mtu amepakua kurasa za Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, amezichapa kwa rangi, amekata kwa uangalifu, lakini akifika kwenye kiwiliwili anakuta pete ya tatu ni ndogo kuliko ya pili, bawa la kulia limeinuka kuliko la kushoto, na tumboni kumebaki mwanya wa milimita tatu. Anakata shauri kwamba faili ni bovu. Mara nyingi faili halina kosa lolote. Kosa limeingia kwenye printa, au kwenye unene wa karatasi, au kwa sababu mjenzi hajajua karatasi inakubali kupindwa vipi na inakataa vipi.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachozungumzwa. Huu si ule mchezo wa kukunja karatasi moja na kuirusha darasani. Mfano wa karatasi ni nakala ndogo ya ndege halisi, iliyojengwa kwa mamia ya vipande vilivyochapwa vikiwa na rangi, alama na mistari ya mabati tayari. Vipande vya nje tuviite ngozi. Ndani yake kuna kiunzi cha kadibodi: mbavu za duara zinazokipa kiwiliwili umbo, na nguzo inayopita ndani ya mabawa. Mfano wa namna hii hauruki, wala haukubuniwa kuruka. Kiunzi na gundi huufanya mzito kuliko kitu ambacho mabawa yake madogo yangeweza kubeba, na atakayeurusha atavunja kazi ya wiki kadhaa.

Skeli nayo huchanganya watu. 1:33 maana yake ni kwamba sentimita moja ya mfano inasimama badala ya sentimita 33 za ndege yenyewe. Bf 109 ya toleo la G ilikuwa na upana wa mabawa wa takriban mita 9.92. Katika 1:33 inakuwa sentimita 30, katika 1:48 inakuwa karibu sentimita 20.7, na katika 1:72 karibu 13.8. Kwa hiyo namba ya pili ikiwa kubwa, mfano unakuwa mdogo. Skeli za 1:72, 1:48 na 1:32 zilitokana na inchi na futi za Waingereza: inchi moja kwa futi sita, robo inchi kwa futi moja, na kadhalika. Hiyo 1:33 imeenea kupitia Poland, ambako jarida la Mały Modelarz lilianza kuchapa mifano ya karatasi mwaka 1957, na hadi leo ndiyo skeli ya kawaida ya ndege za karatasi, kama 1:25 ilivyo kwa vifaru na 1:200 kwa meli. Mtu mwenye mfano wa plastiki wa 1:32 anaweza kuuweka kando ya wa karatasi wa 1:33 asione tofauti, kwa sababu ni ya asilimia tatu tu.

Sasa kiini cha jambo. Karatasi hupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Unaweza kuifanya bomba, unaweza kuifanya koni, lakini huwezi kuifanya bakuli bila kuikata au kuikunjamanisha. Tazama kofia ya mkono ya Zanzibar: fundi hafinyangi kitambaa kiwe duara la kichwa, bali hufunga ukanda mrefu ukawa pete, kisha hufunika juu kwa kipande cha duara. Msanifu wa ndege ya karatasi hufanya vivyo hivyo. Kiwiliwili cha Bf 109, ambacho kinanenepa kuanzia puani hadi kwa rubani na kukonda kuelekea mkiani, hugawanywa kuwa pete kadhaa, kila moja ikiwa kipande cha koni. Pete zikiwa nyingi, mchoro wa mwili unakuwa laini zaidi, na viungo vya kukosea navyo vinaongezeka. Ncha ya puani, inayofunika kitovu cha rafadha (propela), hukatwa kama petali zinazokutana kileleni au kama pete nyembamba zinazopungua.

Hapo ndipo unapoona kwa nini ndege hii inawafaa wanaoanza kuliko wenzake wa vita ile. Kifuniko cha rubani cha Bf 109, kwa matoleo mengi, kiliundwa kwa vioo bapa vilivyoshikwa na fremu za chuma. Karatasi ya plastiki angavu, hata ile ya kufunikia ripoti za ofisini, inatosha kabisa: inakunjwa kwenye mistari ya fremu na kazi imekwisha. Focke-Wulf Fw 190, iliyosanifiwa na Kurt Tank, inapendeza sana machoni lakini ni ngumu kwa karatasi. Injini yake ya BMW 801 ilikuwa na silinda 14 zilizopangwa kwa duara, na mdomo wa mbele unaoizunguka umepinda pande mbili kwa pamoja, jambo ambalo karatasi hailiwezi. Kifuniko chake cha rubani nacho kimevimba, kinahitaji plastiki iliyopashwa moto na kuvutwa juu ya kalibu. Iache hadi umemaliza ndege mbili tatu.

Hata ndani ya familia ya 109, herufi ya toleo hubadilisha ugumu wa kazi. E, iliyopigana juu ya Uingereza mwaka 1940, ina ncha za mabawa zilizokatwa karibu mraba, pua yenye kona kona, na vijiti viwili vya kushikilia mkia wa ulalo. Kona ni rafiki wa karatasi. Toleo la F lililofuata lilikuja na ncha za mabawa za duara, pua iliyolainishwa, na halina vijiti vile vya mkiani. G iliongeza, katika G-6, vivimbe viwili nyuma ya injini ili bunduki za milimita 13 zipate nafasi, na vivimbe hivyo huwatesa wengi kwa kuwa ni vidogo na vya duara. Ushauri wangu ni huu: anza na E.

Kuna na lile suala la jina. Utakuta mifano imeandikwa Bf 109 na mingine Me 109, watu wakabishana ni ndege mbili. Ni ndege moja. Ilisanifiwa chini ya Willy Messerschmitt katika kampuni ya Bayerische Flugzeugwerke, ikaruka mara ya kwanza Mei 1935, tena kwa injini ya Rolls-Royce kwa kuwa ya Kijerumani haikuwa tayari. Kampuni ilipobadili jina kuwa Messerschmitt AG mwaka 1938, ndege mpya zilianza kuitwa Me, ila hii ilibaki na Bf kwenye hati rasmi. Unapotafuta faili, tafuta kwa majina yote mawili.

Uchapaji ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Printa nyingi zimewekwa kurekebisha ukurasa ili utoshe, na faili lililosanifiwa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni pana na fupi kuliko A4, litapunguzwa kimyakimya. Kurasa zote zikipungua kwa asilimia tatu, utapata ndege ndogo kidogo na si msiba. Msiba ni ukurasa wa mbavu kuchapwa kwa asilimia 100 na ukurasa wa ngozi kwa 97. Chukua ubavu wenye kipenyo cha milimita 30. Mzunguko wake ni karibu milimita 94, na ngozi iliyopungua kwa asilimia tatu inakuwa fupi kwa milimita 2.8. Huo ndio mwanya wa tumboni. Kwa hiyo mwambie anayekuchapia achague ukubwa halisi, asilimia 100, kisha pima kwa rula mstari wa vipimo uliomo kwenye kila ukurasa. Kama hakuna mstari, pima fremu ya ukurasa, kwa wima na kwa ulalo, maana nakala zilizopitia skana au mashine ya kutoa kopi huweza kurefuka upande mmoja tu.

Chapa kurasa zote kwa mkupuo mmoja na kwenye printa ileile, pamoja na nakala moja ya akiba. Kijivu cha leo na kijivu cha wiki ijayo kutoka mashine nyingine havitafanana, na tofauti hiyo itakaa katikati ya bawa ikikutazama. Printa ya leza hutoa rangi isiyoogopa maji, lakini poda yake hupasuka kwenye mikunjo mikali. Printa ya wino haipasuki, ila gundi ya maji huuvuruga wino. Dawa yake ni kupuliza vanishi angavu isiyong'aa juu ya kurasa kabla ya kukata, tabaka mbili nyepesi, kila moja ikikauka. Wanaoishi Mombasa, Tanga au Unguja wana sababu nyingine ya kufanya hivyo: unyevu wa hewa ya pwani huitanua karatasi, na kipande kilichokatwa leo hakitakuwa na kipimo kilekile baada ya mvua ya siku mbili. Hifadhi kurasa kwenye mfuko uliofungwa.

Unene wa karatasi una imani moja potofu isiyokwisha, kwamba nene ndiyo imara. Mifano mingi ya 1:33 imepigiwa hesabu ya karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba, yenye unene wa karibu milimita 0.2. Ukitumia manila ya gramu 250, ngozi inaingia ndani ya nafasi ya ubavu, viungo vinavimba, na pete hazizunguki vizuri bali zinavunjika pembe pembe. Uimara unatoka kwenye kiunzi, si kwenye ngozi. Manila za madukani hutofautiana, hivyo pima mwenyewe: kata vipande kumi, vibane pamoja, pima unene kwa rula. Vikifika milimita mbili, hiyo ndiyo karatasi yako.

Mbavu na nguzo kwa kawaida huhitaji unene wa milimita moja, na michoro mingi ya Kipolandi huviwekea nyota: moja kwa kubandika juu ya kadibodi ya nusu milimita, mbili kwa milimita moja. Usisahau kwamba karatasi yenyewe inahesabika. Ukurasa wa 0.2 juu ya kadibodi ya 0.8 ndio unaotoa milimita moja kamili. Kadibodi ya boksi la nafaka ni karibu nusu milimita, mbili zikigundishwa pamoja zinakaribia. Gundi ya mbao ikipakwa nyingi huivimbisha kadibodi na kuipinda, basi paka nyembamba, weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi ya mpira haina maji, na kwa kazi hii ni bora.

Swali la kupunguza mfano linaulizwa kila mara, na jibu lake linaonyesha vizuri jinsi unene unavyotawala. Kutoka 1:33 kwenda 1:48 unachapa kwa asilimia 68.75. Michoro yote itapungua, isipokuwa karatasi na kadibodi, ambazo zitabaki na unene wake. Mfuo wa ubavu unaopokea nguzo, uliokuwa na upana wa milimita moja, sasa ni karibu 0.7, na kadibodi yako bado ni milimita moja. Haiingii, na ukiisukuma unapasua ubavu. Tumia kadibodi ya 0.7 na karatasi ya gramu 100 hadi 120. Kwenda 1:72 ni asilimia 45.8, na hapo vipande vya chumba cha rubani vinakuwa vidogo kuliko punje ya mchele. Wengi huvitupa na kupaka weusi ndani.

Kabla ya kukata, tafuta nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Pinda karatasi taratibu kwa upana, kisha kwa urefu. Upande inaokubali bila ubishi ndio ambao mkunjo unafuata nyuzi. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake huenda na urefu. Pete ambayo nyuzi zake zinalala kwa urefu wa kiwiliwili hutoka duara safi, na ambayo nyuzi zake zinauzunguka mwili hupata vikona. Kama pete zako ziko kinyume, huwezi kubadilisha uchapaji uliopo, lakini unaweza kuzilainisha: viringisha kipande juu ya kiganja kwa kalamu nene ya duara, kutoka upande mweupe, mara nyingi na kwa wepesi, hadi kijikunje chenyewe karibu na umbo lake. Gundi isilazimishwe kushikilia umbo. Ishikilie kiungo tu.

Mikunjo iliyonyooka huchorwa kwanza kwa ncha butu, kama kalamu ya wino iliyoisha, kwa kufuata rula ya chuma. Kisha rangi ya kingo. Ukikata karatasi iliyochapwa, ukingo unaonyesha weupe wa ndani, na mistari hiyo myeupe ndiyo inayofanya ndege nzuri ionekane kama boksi. Paka kingo zote kwa rangi ya maji au penseli ya rangi inayokaribiana kabla ya kugundisha. Kalamu za makapeni haramu hapa: wino wake hupenya na kutokeza juu ya ngozi.

Kiwiliwili huanza kwenye chumba cha rubani na kuelekea pande zote mbili, kwa sababu makosa hujumlika. Tuseme mfano una pete kumi, yaani viungo tisa, na kila kiungo kimehama kwa milimita 0.3. Ukianzia puani, mkia utakuwa umehama kwa milimita 2.7, ambazo kwenye ndege halisi ni karibu sentimita tisa. Ukianzia katikati, kosa linagawanyika. Jaribu kila ubavu ukiwa mkavu kabla ya gundi. Ukibana, piga msasa. Ulowanishe kwanza ukingo kwa gundi kali ya matone ili kadibodi isichambuke. Ubavu mkubwa kuliko nafasi yake haufichiki: utavimbisha ngozi na kivuli chake kitaonekana hata baada ya vanishi. Ubavu mdogo kidogo hauna madhara. Mshono wa kila pete uangukie mstari uleule wa tumboni, na tumia mstari wa katikati ya mgongo kuhakikisha pete hazijazunguka.

Bawa kwa kawaida ni karatasi moja iliyokunjwa kwenye ukingo wa mbele. Usiukunje kama barua. Vuta upande wa juu kwenye ukingo wa meza hadi ujipinde, uingize nguzo, ndipo ufunge ukingo wa nyuma bawa likiwa limelazwa juu ya kioo au kigae. Likijisokota hapo, halitanyooka tena. Mabawa ya Bf 109 huinuka kidogo kuelekea nchani, na pembe hiyo inatoka kwenye nguzo inayopita ndani ya kiwiliwili. Kabla gundi haijashika, simamisha ndege mbele ya macho yako na pima kutoka mezani hadi kila ncha. Pande mbili zilingane kabisa.

Magurudumu ya E yalikuwa ya milimita 650 kwa 150. Katika 1:33 ni karibu milimita 19.7 kwa 4.5, yaani duara tano za kadibodi zilizobandikwa pamoja na kusuguliwa msasa. Miguu iwe na waya wa klipu ya karatasi ndani, kwani karatasi tupu itainama ndani ya miezi. Isimame ikiwa imetanuka kwenda nje, kwa kuwa kwenye ndege yenyewe ilishikwa kwenye kiwiliwili, si kwenye mabawa. Ndege hii hukaa kwa mkia, hivyo haihitaji uzito puani. Me 262 ya jeti ina gurudumu la mbele, na mfano wake usipowekewa risasi ya kuvulia samaki puani utakaa kwa makalio.

Rangi zina hadithi yake na hapa wanunuzi hudanganyika kirahisi. Wizara ya anga ya Ujerumani ilizipa rangi namba. Ndege nyingi za katikati ya vita zilikuwa na vijivu vya 74 na 75 juu na 76 chini. Zile za kikosi cha JG 27 huko Libya na Misri zilipakwa rangi ya mchanga 79 juu na buluu 78 chini, na kwa anayechapa kwa printa ya kawaida hizo ndizo nafuu, maana nyingi hazina madoa ya kuunganisha kutoka pete hadi pete. Anayetaka kuziona halisi bila kutoka Afrika, jumba la makumbusho ya kijeshi la Saxonwold, Johannesburg, lina Bf 109 za matoleo ya E na F, pamoja na Fw 190 na Me 262.

Mkiani kulikuwa na swastika. Nchini Ujerumani, kifungu 86a cha sheria ya jinai kinazuia kuonyesha alama za Wanazi hadharani isipokuwa kwa sababu kama za elimu na historia, ndiyo maana mifano mingi huiacha kabisa au kuichapa vipande viwili visivyo na maana vikiwa mbali. Kurasa zenye mkia mtupu si pungufu. Mimi naona mkia mtupu unatosha: ufundi wa mashine unaonekana wote bila alama ya utawala ulioua mamilioni.

Vitu viwili huwekwa kinyume mara kwa mara. Kinywa cha hewa cha injini hukaa upande wa kushoto wa pua, kwa mtazamo wa rubani. Kikiwekwa kulia, anayeijua ndege atakiona kabla ya kitu kingine. Cha pili ni rafadha. Ukikaa kwenye kiti cha rubani, mapanga matatu huzunguka kama mishale ya saa. Basi ukiitazama ndege usoni, panga lililosimama juu ukingo wake wa kushoto uwe mbele zaidi, kuelekea kwako, kuliko wa kulia. Yapinde mapanga kabla ya kuyachomeka, yakaguliwe mawili mawili kama yana pembe moja, na ekseli iwe kijiti cha meno kilichopakwa nta ya mshumaa ili gundi ya kitovu isikishike.